Aliyempa Mwanangu Shikamoo

Nianze na wale wanaosema nililewa mawimbi. Sikulewa. Aliyetapika kutwa nzima ni mume wangu. Mimi nilikula sahani mbili za biriani nikabaki mzima. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa mchana baada ya chakula, jua linachoma. Kwa hiyo ukitaka kubisha, tafuta sababu nyingine.

Mimi ni mtu wa Nyangamara, nimekulia kwenye mihogo. Bahari nimeijua nilipoolewa Lindi. Basi Desemba ile shule zimefungwa, kampuni anayofanyia kazi Baba Esha ikakodi meli ya kitalii ili wafanyakazi na familia zao wale sikukuu humo: Mtwara mpaka Kilwa na kurudi, kulala humo humo, kula humo humo. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda kitu kama kile. Tulikwenda wanne: mimi, mume wangu, mama yake, na Esha wangu wa miaka minne.

Jina Esha silo nililolitaka. Mimi nilitaka Rahma. Mama mkwe akasema marehemu mama yake, Bibi Esha, kamjia ndotoni, anadai jina lake lirudi. Nikakubali. Si ndiyo adabu, jina la bibi kurudi kwa kitukuu?

Tuliondoka Mtwara asubuhi. Watoto wanapiga kelele, nahodha kavaa kofia nyekundu ya Krismasi. Mama wa chumba cha jirani ananitania, "Kula, mwanamke! Ukibakiza hawakurudishii kitu." Mama mkwe naye anacheka nasi. Tulipokaribia Sudi, alikozaliwa, nikamwita aje amwoneshe mjukuu wake kwao. Akainuka, akaingia chumbani, akavuta pazia. "Kichefuchefu," akasema. Nikaona basi, ukoo wa matumbo mepesi.

Watu wakaenda kulala. Nikabaki nyuma ya meli na Esha, anachezea kikombe. Akatokea msichana wa kama miaka kumi. Nilidhani ni mtoto wa mfanyakazi mwingine. Kafunga kanga shingoni, imechakaa, pindo linadondosha maji. Nikajua katoka bwawa la kuogelea. Ila miguu yake ilikuwa na mchanga mbichi mpaka vifundoni. Mchanga, kwenye meli iliyosuguliwa asubuhi?

Akapiga goti mbele ya mwanangu. "Shikamoo, dada."

Nikacheka. Wewe usingecheka? Esha hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaitika taratibu kama mtu mzima: "Marahaba."

"Maji yamejaa, dada."

"Si nilikwambia ukae hapo hapo?"

"Nimekaa."

Niamini, wakati ule mwanangu samaki alikuwa anaita "tamaki". Maneno yale yalitoka yamenyooka.

"Twende basi," msichana akasema. Akamshika mkono, wakapanda benchi lililo pembeni kwenye vyuma vya ukingo. Chini yake ni maji tu.

Niliruka nikamkamata Esha kiunoni. Mkono wa yule mtoto ulikuwa wa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Hakuwa na nguvu. Hakutaka tu kuachia, kama mtoto anayeogopa sindano. Nikapiga kelele, nikampiga, na sioni aibu. Wapi! Hakuachia.

Mama mkwe akaja mbio, peku, mtandio umedondoka. Nikajua sasa nimepata wa kunisaidia kuvuta. Hakuvuta. Yule bibi mzima mwenye mvi alipiga magoti.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Dada alisema atakuja kunichukua."

"Najua, mama mdogo. Lakini bado mdogo huyu, hata kuogelea hajui. Mwache kwanza. Akikua atakuja."

"Kweli?"

"Kweli. Nakuahidi mimi."

Mkono ukalegea. Nikaanguka chali, mwanangu kifuani. Nilipoinuka, juu ya benchi palikuwa na mchanga tu, na mama mkwe anauzoa haraka haraka kwa kanga yake kabla watu hawajaamka.

Chumbani akasema yote. Mama yake, bado msichana, alikwenda na mdogo wake kwenye fungu la mchanga la hapo Sudi kuchokoa pweza. Maji yakaanza kujaa. Akamwambia mdogo wake, "Kaa hapa, nakuja kukuchukua," akaogelea mpaka pwani kuita mtumbwi. Alipofika akaogopa kuchapwa. Akanyamaza mpaka jua likazama.

"Ulijua," nikamwambia. "Ukampa mwanangu jina hilo, na ukatuacha tupite hapo!"

"Nilidhani jina likirudi atatulia."

"Basi ungemwahidi utakwenda wewe!"

Aliyejibu ni Baba Esha, kakumbatia ndoo yake: "Mama Esha, mheshimu mama. Na punguza sauti, watu wamelala."

Kilwa nikashuka na mwanangu, nikapanda basi. Sijarudi Lindi. Mume akitaka kuniona, Nyangamara anapajua. Mtoto namwita Rahma, na anaitika. Lakini shikamoo hampi mtu. Baba yangu na mvi zake anasimama mlangoni anasubiri, na mtoto naye anamtazama, anasubiri kupewa. Tumembembeleza, tumemchapa. Anasubiri tu.

Nakwambia wewe unayetarajia kujifungua: ukiletewa jina la marehemu, usiulize alikuwa mcha Mungu au mkarimu. Uliza alimwacha nani akimsubiri. Na wewe bibi, kama kuna ahadi ya kutoa, jitoe mwenyewe. Mtoto wa mwenzio si wako.

Juzi nilimjaribisha gauni la mwaka jana, limeshapanda juu ya magoti. Nimekaa uani nafumua pindo, jirani akapita akasema, "Mashallah, anakua huyo!"

Nilimfukuza.