Gemu Niliyomchagulia Mama Edani

Mtu akiniuliza gemu gani nzuri kwa zile mashine za zamani za mkononi, zile nene za kijivu zenye kioo kisicho na rangi, humuuliza kwanza anayecheza ni nani. Wengi hukasirika. Wao wanataka orodha, ya kwanza hii, ya pili ile, asante, kwaheri. Mimi orodha sina. Maishani mwangu nimemchagulia gemu mtu mmoja tu, naye alikuwa mama yangu, na alikuwa edani.

Baba alifariki siku moja baada ya mwezi kuandama. Tulikaa Mtanda, Lindi mjini, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele tulikifanya duka. Duka lile baba na mama walilifungua wakati wa ruksa, sabuni na khanga ziliporudi madukani baada ya miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha mche wa sabuni. Baba alikuwa mtu wa safari, kwenda Dar kuleta bidhaa. Aliyekaa nyuma ya kaunta, aliyejua nani anataka majani ya chai ya pakiti gani na nani ukimpa kiberiti chenye unyevu atarudi na matusi, ni mama. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, nikimsaidia na kumkera kwa zamu.

Siku ya tatu, hitima ilipokwisha, baba mkubwa, yaani kaka yake marehemu, alikuja kusimama nje ya pazia la chumba cha mama. Mjane aliye edani haonani na mwanamume anayeweza kumwoa, na shemeji ni mmoja wao, kwa hiyo maneno yote yalipita kwenye kitambaa.

"Pole sana, shemeji."

"Nimeshapoa, shemeji."

"Sasa sikiliza. Eda ikiisha nitakuja na gari. Utakuja kukaa na sisi Milola, utatunzwa. Habari za duka tutaziangalia wenyewe. Sawa?"

"Ndiyo, shemeji."

Nilikuwa nimeshika birika, kidogo linidondoke. Mama yangu huyu, ambaye wenye maduka ya jumla walikuwa wakimwona anakuja wanamwekea kiti kabisa kwa sababu wanajua ubishi wake haumaliziki kwa kusimama! Sitaki kumwonea baba mkubwa. Aliamini kwa moyo mmoja kwamba mjane kukaa peke yake mjini ni aibu kwa ukoo. Ila na duka pia alilipenda.

Alipoondoka nikaingia ndani. "Mama, kweli utakwenda Milola?"

"Niende wapi tena?" akasema, akageukia ukutani.

Pale pale nikapiga moyo konde. Eda ni miezi minne na siku kumi. Muda huo ndio niliokuwa nao wa kumrudisha mama yangu kabla gari halijaja, maana gari likimkuta vile alivyokuwa, lingembeba kama gunia. Na akishahamia kule kwa ridhaa yake, nani angeweza kumtoa?

Mlinzi wa eda alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutoka Milola kukaa na mama mpaka mwisho. Shangazi alikuwa mkali. Manukato hakuna, wanja hakuna, khanga ya rangi kali hakuna, kutoka nje hakuna. Mama hakuhitaji kukatazwa lolote. Alilala, akaamka kuswali, akala vijiko vitatu, akalala.

Mashine moja ya gemu aliniachia binti wa mama mdogo, aliyekuja mazikoni kutoka Dar. Ilikuwa na kaseti mbili, hivyo ndivyo tulivyoviita vile vipande vya plastiki vyenye gemu, vya kuchomeka nyuma, na alinipa nitulize kichwa. Wiki ya tatu nikaona kichwa cha kutulizwa si changu. Nikampelekea mama.

Hapa ndipo ushauri wangu wa kwanza unapoanzia, na nimeupata kwa aibu. Kaseti niliyochomeka ilikuwa ya yule mtu anayekimbia na kuruka mashimo, ambayo kila mtu atakwambia uanze nayo. Nikamwonyesha mama vitufe. Akabonyeza kwa kuniridhisha tu. Yule mtu akakimbia, akafika kwenye shimo, akatumbukia.

"Amekufa?" mama akauliza.

"Amekufa, lakini si kitu, ana roho tatu. Anarudi tena."

Mama akanitazama, akanirudishia mashine mikononi taratibu, akageukia ukuta wake. Mpaka leo nikikumbuka uso ule natamani ardhi ipasuke. Mwanamke amefiwa na mumewe juzi, wewe unamletea mchezo wa maiti anayerudi! Mtu mwenye msiba usimpe gemu yenye roho, hata iwe nzuri namna gani.

Kaseti ya pili ilikuwa ya matofali yanayodondoka, unayapanga yasiache pengo. Hiyo haina maiti, na ni nzuri kweli, sibishi. Jirani yetu mmoja aliyekuja kumpa mama pole aliishika asubuhi, adhuhuri bado anayo, wali wake nyumbani umeungua. Kwa mwenye hasira hiyo ndiyo dawa, vidole vinapigana mpaka moyo unachoka. Lakini matofali yale huanza polepole kisha yanashika kasi. Mama alicheza siku mbili, ya tatu akaiweka chini.

"Yananikimbiza," akasema. "Mimi nimechoka, mwanangu, nayo yananikimbiza."

Alisema kwa unyonge, lakini alisema sababu, na tangu mazishi alikuwa hajanipa sababu ya jambo lolote. Nikavaa kandambili nikaenda sokoni kwa fundi redio.

Fundi yule alikuwa kijana aliyewahi kukaa Dar miezi sita na hajaacha kutuambia. Kaseti za gemu aliziweka kwenye kopo la maziwa.

"Dada, chukua hii ya kupigana. Noma!"

"Sitaki ya kupigana."

"Ya ndege za vita basi. Unalipua mpaka kieleweke."

"Namtafutia mama, yuko edani," nikamwambia. "Nataka gemu isiyo na kufa wala kukimbizwa."

Akacheka, kisha alipoona mimi sicheki akaacha. Akachimba kopo mpaka chini, akatoa kaseti iliyobanduka karatasi yake. "Ipo hii, lakini sikushauri, dada. Inaboa. Jamaa anasukuma masanduku tu. Hata adui hana." Tukabadilishana, nikamwachia yule mtu wa kuruka mashimo, nikaondoka na masanduku yangu.

Sasa sikilizeni, maana hii ndiyo ninayoisifia mpaka kesho. Kuna mtu mdogo ndani ya ghala. Kuna masanduku, na kuna mahali palipowekwa alama ambapo masanduku yanatakiwa yakae. Anaweza kusukuma, hawezi kuvuta. Basi. Saa hakuna, adui hakuna, muziki ukitaka unauzima. Ukikosea unaanza upya, na hakuna anayekucheka. Ukitaka kukaa saa nzima unamtazama tu, naye anakusubiri.

Nilimwekea mama pembeni ya mto, sikusema kitu. Nikatoka kwenda dukani. Baada ya muda nikasikia sauti.

"Huyu mpumbavu nani amemfundisha kupanga mzigo? Anaanzaje na sanduku la mlangoni?"

Ilikuwa sauti ya kaunta, ile ya kumgombeza mleta sukari yenye maji. Nikaenda uani nikalia kwa furaha, nimejifunika uso kwa mtandio ili shangazi asinione.

Kuna jambo jingine ambalo mimi sikulipanga. Mashine zile kioo chake hakina taa. Kitandani, upande wa ukuta, mama hakuona kitu. Ikabidi ahamie dirishani, kwenye mwanga, na dirisha lile lilikuwa linapakana na duka. Toka siku hiyo akawa anasikia kila mteja na kila upuuzi ninaoufanya. Kwanza alivumilia. Kisha ukaanza kuja ujumbe kupitia kwa shangazi: mwambie huyo mtoto viberiti havikai karibu na mafuta ya taa, mwambie chumvi imepata unyevu, aianike.

Shangazi hakuipenda gemu hata kidogo. "Wifi, muziki edani?" aliuliza siku ya kwanza, mkono kiunoni. Nikamwonyesha pale pa kuzima sauti. Akatafuta kosa lingine, akalikosa, akanuna siku tatu. Siku ya nne nikamkuta uani anageuza makopa yake juani kwenye ungo, na katikati ya vipande vya mihogo zimepangwa betri nne. Betri ikiishiwa nguvu tulikuwa tunaianika ipate joto, itusukume siku moja mbili zaidi.

"Zikiisha kabisa atarudi kulala," akasema bila kuniangalia. "Usisimame hapo, unaziba jua."

Baba mkubwa alikuwa akija kila baada ya wiki kadhaa. Mara ya pili alisimama penye pazia akamkumbusha mama habari ya gari. Mama akajibu vilevile, "Ndiyo, shemeji." Nilikasirika nikashindwa kula. Jioni nikamfuata dirishani. Alikuwa amekwama, sanduku moja limegusa ukuta.

"Likishagusa ukuta basi tena," akasema. "Hulivuti. Inabidi uanze upya."

"Na wewe umeshasema ndiyo mara mbili," nikamjibu. Haikuwa adabu, lakini nilikuwa nimeshiba hasira.

Mama akabonyeza kitufe. Akaanza upya.

Mara ya tatu baba mkubwa alipouliza, mama akasema kutoka nyuma ya pazia, "Tutaonana eda ikiisha, shemeji." Yeye aliye nje hakusikia tofauti. Mimi niliisikia, na shangazi aliisikia, maana mkono wake uliokuwa unamimina chai ulisimama.

"Siku eda inapoisha nimeshaiwekea alama kwenye kalenda," baba mkubwa akasema kwa kujiamini, akataja tarehe.

Shangazi akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea kumimina chai.

Eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo. Shangazi kila mwezi ulipozeeka alikuwa anatoka uani baada ya magharibi kutazama angani, na aliujua mwezi wake kuliko mimi nilivyojua bei za dukani. Baba mkubwa alihesabu kwa kalenda ya ukutani, ile ya kupewa bure mwisho wa mwaka, yenye miezi ya siku thelathini na thelathini na moja. Kwa miezi minne tofauti yake inafika siku nne. Mtu wa umri wake, anayeswali safu ya mbele! Lakini ndivyo tulivyo. Ramadhani tunaihesabu kwa mwezi, mambo mengine yote tunauachia ukuta.

Alipoondoka nikamuuliza shangazi kwa nini hakumsahihisha kaka yake.

"Hakuniuliza," akasema. "Alinitajia."

Mwezi ulipotimiza hesabu mama akaoga, shangazi akamtoa edani kwa dua, akampa khanga mpya ya rangi ya machungwa. Nilidhani atapumzika. Akaja moja kwa moja dukani, akasimama katikati, akatazama rafu nilizozipanga kwa miezi minne.

"Toa vyote," akasema.

Tulivitoa vyote. Tulifuta, tukapanga, tukabishana, nikashindwa. Wateja walikuja kumpa pole wakaondoka na sabuni. Siku nne hizo zilizobaki kabla ya gari kuja mama alikuwa anaamka alfajiri, na sikuthubutu kumuuliza atamjibu nini baba mkubwa, kwa sababu niliogopa jibu. Ubishi na mleta sukari ni kitu kimoja. Kaka wa marehemu mumeo, mkubwa wa ukoo, ni kitu kingine, na nilishamsikia mara mbili kwa masikio yangu akisema ndiyo.

Siku ya tarehe yake baba mkubwa akafika asubuhi na gari dogo la mizigo, lina kamba na turubai. Akapita mlango wa uani kama kawaida. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa," akaitikia marahaba huku anatembea. Akaenda kusimama pale pale penye pazia, akakohoa.

"Shemeji, siku imefika. Gari liko nje."

Pazia lilikuwa tupu. Akangoja, akarudia kwa sauti zaidi. Sauti ya mama ikatoka upande wa pili wa nyumba.

"Karibu, shemeji. Niko dukani."

Akazunguka kwa haraka. Mama alikuwa nyuma ya kaunta anampimia mteja mmoja sukari, mkono umeshika kijiko cha bati. Tangu siku ya msiba walikuwa hawajaonana uso kwa uso. Baba mkubwa akainamisha macho kwa mshtuko.

"Shemeji! Eda haijaisha, unakaaje mbele za watu?"

"Imeisha siku nne leo. Muulize dada yako."

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni. "Imeisha, kaka. Kwa mwezi."

Baba mkubwa akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza, akafika mwisho akakunja vidole. Halafu akajikusanya. "Haya, heri. Kusanya basi vitu vyako, tutoke kabla ya jua kali."

"Siendi, shemeji."

Aliposema hivyo sukari iliacha kumiminika kwenye mizani. Yule mteja akatazama sakafuni. Mimi nilishika ubao wa kaunta.

"Huendi vipi?" Baba mkubwa hakupiga kelele, aliuliza kama mtu aliyeambiwa barabara ya Milola imehamishwa. "Nilikuuliza, ukasema ndiyo. Mara ya kwanza ukasema ndiyo, mara ya pili ukasema ndiyo."

"Nilisema," mama akajibu. "Nilikuwa nimefiwa, shemeji. Siku ile ungeniambia niingie kaburini ningesema ndiyo."

Akamgeukia mteja wake.

"Ulisema robo au nusu?"