Baridi ya Msuka Kangri

Majani yamepukutika Srinagar nzima, lakini mvua hakuna na jua linachoma kama la kiangazi. Jirani yangu anasuka kangri, vikapu vyenye chungu cha makaa tunavyokumbatia msimu wa baridi. Hukaa barazani kajifunika joho la sufu, vidole vikicheza na fito, na kila apitapo mtu, yeye huyagonganisha meno kama mwenye baridi. Leo nikaenda kumcheka.

“Mzee, mbona jasho linakutiririka?”

“La hofu hilo, mwanangu. Baridi ya safari hii itaua mtu.”

Mimi, mjanja wa mtaa, nikanunua mbili. Alipoinama kunichagulia, joho likafunuka: kangri yake haikuwa na kaa hata moja, ilijaa zabibu.

“Karibu,” akasema bila haya.

Tukala. Mama mmoja akapita, akanitazama nilivyozipakata kangri zangu.

“Kwani baridi imeshaanza?”

Nikatetemeka, nikayagonganisha meno kama mzee.