Maji Membamba Jikoni kwa Mama

Kwa nini kipindupindu kiliingia nyumba ya kushoto kwetu, kikaingia ya kulia, na yetu kikairuka? Miaka ile ya vita nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nilimuuliza kila aliyekubali kuulizwa. Mmoja alisema ni dua, mwingine ni sala. Sikuridhika, maana majirani nao walikuwa wanaomba. Mabomba ya mji yalikuwa makavu na mtaa wetu mzima hapo Kindu ulichota maji ya mto Lualaba. Mama alikuwa akikunja kitenge cha zamani mara nne, anakifunga kwenye mdomo wa ndoo na kuchuja kila tone. Hilo sikulihesabu kama jibu.

Vita vilipokwisha, kaka yangu mkubwa, ambaye hununua na kuuza dhahabu huko Kampene, alimchimbia mama kisima uani. Baadaye akaweka pompi ya kuvuta maji kwa paneli za jua, na jikoni robine, bomba la kufungua na kufunga. Mama alifurahi. Magoti yake yalikuwa hayawezi tena ndoo.

Mwaka jana, nikiwa nyumbani likizo ya chuo kikuu, maji ya robine yakaanza kuwa membamba. Sufuria moja ilijaa huku mama akimaliza kumenya mihogo yote. Fundi aliyeifunga pompi alikuja, akaigonga kwa bisibisi, akasema imekufa, inunuliwe nyingine. Kaka akapiga simu.

“Mudogo wangu, mimi nimechoka. Mwisho wa mwezi mama anakuja Kampene. Hawezi kukaa peke yake kwenye nyumba haina maji.”

Mama alikuwa anasikiliza. Alisema hataki kwenda kufia kwenye mji wa watu wanaochimba dhahabu, akaendelea kumenya.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki mbili. Sikumwamini fundi, lakini nilimwita tena, kwa sababu funguo za mabomba zilikuwa zake.

“Iniversite wanafundishaka pompi?” akaniuliza.

“Wanafundishaka kuuliza.”

Tulianza na umeme. Saa sita mchana, jua kali, maji yalikuwa membamba vilevile. Basi si paneli. Nikafungua bomba pale linapotoka kwenye pompi, kabla halijaingia ndani ya nyumba. Hata hapo maji yalitoka kwa uvivu, kwa hiyo mabomba ya nyumba hayakuwa na kosa. Nikashusha jiwe kisimani kwa kamba: maji yalikuwepo, marefu kunipita. Kilichobaki ni upande wa kuvuta, yaani ule mpira mnene unaoshuka kisimani, na klape iliyo mwisho wake, kifuniko kidogo chenye wavu kinachozuia maji yasirudi chini.

“Tuvute mpira,” nikasema.

Fundi akajikuna shingo. “Dada, ule mpira iko muzito.”

“Tuko wawili.”

Tuliuvuta. Mwishoni mwake kilitoka kitu kama ngumi ya udongo mwekundu. Nilipokiosha niliona maua ya kitenge. Klape yote ilikuwa imevikwa kitambaa, kimekunjwa mara nne, kimefungwa kwa uzi, na fundo ni la mama.

Nikamgeukia fundi. “Ulijua?”

“Mama yako njo alifunga, akasema niishushe nayo. Ningemukatalia namna gani? Mutu anamukatalia mama yake?”

“Kwa hiyo tungenunua pompi mpya.”

“Nilifikiri mutanunua,” akasema, bila haya.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

“Mama, kitambaa kinazuia udongo tu. Kidudu cha kipindupindu ni kidogo, kinapita katikati ya nyuzi. Tulipona kwa bahati.”

“Wewe uko hapa unabisha. Mufu anabishaka?” Akanitazama. “Na ile bahati nilikuwa naifua kila asubuhi.”

Fundi alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Tuliosha klape, tukairudisha tupu. Maji yaligonga sinki mpaka mama akarudi nyuma. Alikubali kitambaa kihamie kwenye mdomo wa mtungi wake wa kunywa, asichujie tena kisimani.

Jioni kaka akapiga simu. Nilijua akisikia habari ya kitenge atasema nini: mama amechoka kichwa, anavalisha bomba nguo, haraka aletwe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelifikiria hilo, nikiwa na udongo mikononi.

“Ilikuwa nini?”

“Wavu wa klape uliziba kwa matope.”

“Njo ile tu?”

“Njo ile tu.”

Ulikuwa ukweli, nusu yake. Kaka akasema basi mama abaki. Mama hakunishukuru. Alinipa sahani ya sombe ya majani ya mihogo, yenye samaki mkubwa kuliko wa fundi.

Miezi mingi baadaye, nikitafuta jambo jingine kabisa, nilisoma kwamba kidudu cha kipindupindu mara nyingi hakielei mtoni peke yake. Hujishikiza kwenye viumbe wadogo wanaoelea majini, na wengi wa viumbe hao hunaswa na kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, hasa kikiwa kimezeeka kwa kufuliwa.