Jogoo wa Kifaransa jikoni kwangu Amalemba, na baba mkwe aliyekataa kula

Mulembe wakuu. Anayeandika hapa ni kukhu, yaani nyanya kamili wa Kakamega. Meno ni machache lakini kumbukumbu zote ziko. Msinitukane kwenye comments, nina wajukuu wanaojua kutukana kuliko nyinyi.

Kisa ni changu mwenyewe. Chumvi niliyotia ni ile ya kwenye kuku tu, mtamwona mkifika.

Aliyenichokoza ni mjukuu wangu anayekaa Shieywe. Juzi amenionyesha simu yake: "Kukhu, nataka kitchen yangu ikae hivi. Inaitwa French country style."

Nikatazama. Pazia za drafti. Sufuria zimetundikwa ukutani. Majani makavu yananing'inia kwa dari. Na jogoo! Jogoo wa udongo amesimama juu ya kabati kama mwenye nyumba.

Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamwambia, mama, hiyo kitchen nilikuwa nayo mtaani Amalemba kabla mamako hajazaliwa, na nusura initoe kwa ndoa.

Haya, turudi nyuma.

Uhuru ulikuwa ndio unabisha mlango. Wazungu wanafunga masanduku. Mume wangu Zakaria alikuwa karani wa serikali, na mama mmoja mzungu pale kazini alikuwa anagawa vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Wenzake Zakaria walibeba viti. Mmoja alibeba kitanda kizima na godoro lake.

Wangu akaniletea magazine.

Ilikuwa ya Kifaransa. Hakuna hata neno moja nililoelewa, lakini picha hazina lugha. Ukurasa baada ya ukurasa ni jikoni za mashambani kwao, na mimi nikapenda, wakuu, nikapenda vibaya.

Kicheko chenyewe ni kwamba niliona jikoni ya mamangu. Mahindi ya mbegu yamefungwa juu ya moshi, vikapu, vyungu, kuku anapita chini ya meza. Nilikuwa nimetoroka moshi huo nije mjini niishi kwa nyumba ya mawe, na sasa Mfaransa ananiambia nirudi. Tena kwa heshima.

Nikaanza. Chokaa nilichanganya na ile buluu ya kufulia mashati, ukuta ukawa rangi ya anga. Pazia nikashona kwa kitambaa cha drafti. Sufuria nilizisugua kwa majivu hadi ukijitazama unaona chunusi, nikazitundika kwa misumari. Kwa dari nikafunga vitunguu na majani ya mrenda, kwa sababu ya kwao sikujua ni majani gani.

Halafu jogoo. Nilimchora mwenyewe ukutani, mkabala na mlango wa nyuma, mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Mkia niliutia masizi na buluu. Kilemba nilikipaka polish nyekundu ya sakafu. Alikuwa mzuri, na nilijisikia malkia.

Sasa nyinyi vijana ngoja niwaeleze kitu. Miaka hiyo kulikuwa na vyama viwili vikubwa. Kimoja alama yake ilikuwa jogoo, kingine mkono uliofunguliwa. Na huku kwetu wazee wengi walikuwa wa mkono. Wa mkono kabisa, wa kulala nao.

Kinara wao kule kijijini karibu na Mayoni alikuwa nani? Mzee Makokha. Baba yake Zakaria. Baba mkwe wangu.

Mzee huyu hakunitaka tangu mwanzo. Mimi kwa kabila ni Mmaragoli, yeye Mwanga, na kwake hiyo ilikuwa kama nimeletwa na meli. Hakunitukana hata siku moja. Alifanya kibaya zaidi: hakula kwangu. Akija mjini kwa mikutano yake anapita, anasalimia akiwa nje, anakataa hata chai. Kwetu mtu akipita mlango wako hivyo bila kula, amekwambia wewe si wa hapa. Nililia sana kwa ajili ya hilo, sitawaficha.

Basi siku moja, kampeni zimepamba moto, akapitia njia ya nyuma. Zakaria yuko kazini. Nikafungua mlango kwa furaha, maana nilikuwa na kuku kwa jiko. Nikasema leo ndiyo leo, baba atakula.

Mzee akaangalia ndani. Jogoo akamwangalia.

Akasema polepole, "Mimi siwezi kura hapa."

Wakuu, mnajua watu wa huku na l na r zao. Lakini mimi nilitoka boarding na Kiswahili kilichopigwa pasi, na mji mzima ulikuwa unaimba kura, kura, kura. Nikadhani anaulizia kituo.

Nikamjibu kwa adabu zote, na goti nikapiga juu yake: "Hapana baba, si hapa. Ni kule shuleni. Mtu yeyote atakuonyesha."

Mzee alinitazama kama nimemmwagia maji. Akageuka akaenda.

Jioni Zakaria akaja ameshika kichwa. "Umemfukuza baba? Ati umemwambia akakule shule?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na jogoo wangu.

Mambo yakawa mabaya. Vijana wa chama cha jogoo wakasikia, wakaanza kunisalimia kidole kimoja juu, salamu ya chama chao. Siku moja walikuja sita, ati wanataka kuona picha, wakakaa hadi ugali ikaisha. Jirani yangu wa mkono akaacha kuniazima ungo.

Zakaria akaleta ndoo ya chokaa. "Futa huyu ndege."

"Huyu ni Mfaransa," nikamwambia. "Hana kadi ya chama."

"Baba hatakula hapa maisha yake yote!"

"Kwani alikuwa anakula kabla ya jogoo?"

Akaiweka ndoo chini. Ndoo ilikaa pale hadi chokaa ikaganda.

Uchaguzi ukapita. Uhuru ukaja, tukacheza, tukachoka. Mzee hakukanyaga kwangu. Hata mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mzee alikwenda kumwona kwa dada ya Zakaria.

Halafu siku moja redio ikasema chama cha mkono kimejivunja, wakubwa wote wamehamia kwa jogoo. Hivyo tu. Wazee waliokosana na watoto wao wakaachwa wamefungua mikono hewani.

Haikupita wiki, mlango wa nyuma ukabishwa. Mzee Makokha. Kofia mkononi, na chini ya kwapa jogoo mzima wa kienyeji, hai.

Nikamfungulia mlango wazi. Yeye akaangalia ukuta, akaniangalia mimi, akasema:

"Kura imeisha, mama. Leo nimekuja kura."

Na wakuu, hiyo nilielewa.

Baba mkwe haingii jikoni kwa mke wa mwanawe, hiyo desturi hata Mfaransa hawezi kuivunja. Kwa hivyo nilivuta meza yangu hadi uani, mbele ya mlango, akakaa akitazamana na yule wa ukutani. Obusuma, yaani ugali, moto moto, na ingokho, yule kuku aliyekuja naye. Nikamuuliza, "Baba, huyu wa ukuta hakusumbui?"

"Huyu hana shida. Shida ilikuwanga yule wa kalatasi ya kura."

Kisha akachukua imondo, firigisi yenyewe, kipande cha mwenye boma. Siku hizo mwanamke kwetu hata kuku halambi. Akaikata katikati, nusu akaweka kwa sahani, akanisukumia mimi.

 Nami nilikula nikiwa nimesimama, machozi yanaingia mdomoni.

Funzo? Chama huvunjwa, jogoo huchinjwa, mkwe anabaki. Na kabla hujachora mnyama ukutani, uliza kwanza yuko upande gani.

Mjukuu nimemwambia anunue jogoo wake tu. Haya, nanyi semeni: nani hapa amewahi kukosana na wakwe kwa sababu ya ukuta? Na nani amewahi kuambiwa "kura" akaenda kutafuta kituo? Nasoma zote, miwani ninayo.