Mablanketi Chumbani kwa Kaka

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, shangazi yangu alipangiwa kijiji cha mbali, ng'ambo ya msitu wa Mgori, sisi tukabaki huku. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kazi sina, kichwa kimejaa redio. Shangazi ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo za mavuno na harusi pale kwetu, nami nilitaka sauti yake ibaki kabla lori halijamchukua. Hilo tu. Sikuwa na makubwa.

Wahindi wa duka moja mjini, niliokuwa nawabebea magunia mara moja moja, waliniazima tepurekoda na kanda moja. Nje hapakufaa, maana upepo wa Singida ukiingia kwenye maikrofoni husikii kingine. Tukaingia chumba cha kaka, kipya, sakafu ya saruji, bati juu: mimi, shangazi, waitikiaji wake na mpiga ngoma. Shangazi akaimba ubeti mmoja. Nilipoirudisha kanda tukasikia maneno yanajigonga ukutani na kupandana, na ngoma inavuma kama gari linapita.

"Huyo ni mimi?" shangazi akauliza. "Mbona niko kisimani?"

Nikasimama katikati ya chumba nikapiga makofi. Kila ukuta ulionijibu, nikauziba. Nilizunguka nyumba za jirani kuazima mablanketi, na ilikuwa majira ya baridi, mtu hatoi blanketi hivi hivi. Mama mmoja akanipa lake huku anacheka: "Unaufunika wimbo usipate mafua?" Nikatundika mablanketi ukutani, nikafunga mikeka chini ya bati, nikatandika ngozi za ng'ombe sakafuni. Bado ngoma ilivuma. Nikahangaika mpaka nikagundua mvumo unajikusanya kwenye pembe, basi nikapanga magunia ya uwele pembe zote, na mpiga ngoma nikamtoa kwenye pembe alikokuwa amejibanza.

Maikrofoni ilikuwa moja, kwa hiyo kuchanganya sauti kulikuwa ni kuhamisha watu. Ngoma ikaenda mlangoni, waitikiaji nyuma, shangazi mbele, uso ameugeuza kidogo pembeni ya maikrofoni.

"Unatupanga kama vyungu vya mnadani," akasema.

"Sogea kidogo tena, shangazi."

"Nikisogea tena nitaimeza hiyo maikrofoni."

Safari ile wimbo ulitoka. Kila neno lilikaa mahali pake, ngoma ilikuwa nyuma yake kama inamsindikiza, hata pumzi yake tuliisikia. Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akasema, "Hata pengo langu linasikika." Nilitoka nje nikajifanya natazama ng'ombe, nisionekane nalia.

Kesho yake alikuja bwana mmoja wa wilayani kuhimiza watu wahame. Mwenyekiti wa kijiji akamleta aone chumba. Yule bwana akakohoa mle ndani, akasema maneno mawili matatu, akajipenda.

"Hapa pazuri. Mikutanoni sauti yangu inapeperuka tu."

Akataka hotuba yake irekodiwe, ikapigwe kijiji kwa kijiji. Nikamwambia, "Samahani mzee, kanda ni hii moja, ina wimbo wa shangazi yangu."

"Nyimbo ziko tele, kijana. Huko anakokwenda ataimba nyingine."

Nilimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama magunia. Dereva wa yule bwana ndiye aliyerudisha kanda mwanzo na kubonyeza pa kurekodi, juu ya ule wimbo. Nikasimama hapo hapo kwenye ngozi nilizotandika mwenyewe, nikamsikiliza yule bwana akisema ujamaa ni watu kusikilizana. Mimi nilikuwa naupenda ujamaa. Nilikuwa naimba nyimbo zake nikienda shamba. Alipomaliza akaondoka na kanda.

Nilikwenda mjini kwa miguu kuomba kanda nyingine. Dukani wakanipa, ila niliporudi lori lilikuwa limeshapakia. Shangazi alikuwa amekaa juu ya kinu chake, kuku wamefungwa miguu pembeni yake, na waitikiaji wake wawili wametawanywa malori mengine. Habari alikuwa nayo tayari.

"Na yule bwana," akaniuliza, "sauti yake imetokaje?"

"Vizuri, shangazi."

"Kila neno?"

"Kila neno."

"Haya. Basi chumba chako kizuri, baba," akasema, akajifunika kanga kichwani kwa ajili ya vumbi, maana dereva alikuwa amewasha injini.