Bei ya Bunduki ya Mjane

Zamani kitu kilithaminiwa kwa kushikwa, kugongwa na kusikilizwa. Siku hizi kinapigwa picha kwa simu, na mtu asiyekijua anataja bei kabla hujameza mate.

Jirani yangu, fundi bunduki, alikuwa mtu wa zamani hizo. Tulimwita Sikio. Karakana yake ilitazamana na kibanda changu cha vitabu vikuukuu, ambamo nilijipatia elimu yangu yote, kwa kuwa wateja hawakunisumbua. Ikija bunduki ya kale, Sikio alihakikisha kwanza haina risasi, akaichomoa mitutu kwenye kitako, akaitundika kwa kamba na kuigonga kwa kipande cha mti. Ikilia kama kengele, chuma kimeshikana vyema. Ikitoa kishindo kizito, lehemu inayounganisha mitutu imeachia kwa ndani na bei imeanguka. Akishasema, muuzaji na mnunuzi walipeana mikono papo hapo. Leo nionyeshe watu wawili wanaoaminiana hivyo, nami nitawagawia vitabu bure.

Asubuhi moja alikuja mjane mmoja, mshonaji, akiwa na bunduki ya mitutu miwili ya marehemu mumewe, ameifunga ndani ya shuka. Alikwisha kumpata mnunuzi, nao walikuwa wamekubaliana kufuata bei atakayotaja Sikio.

"Nimechoka kushonea kwenye baraza za watu," alisema. "Nataka duka langu. Basi fundi, iangalie kwa jicho la huruma."

"Mama, ningekuwa na huruma ningeshanunua kitabu kwa huyu jirani yangu."

Ilikuwa bunduki nzuri, yenye nakshi za majani ubavuni na kitako kilicholainishwa na viganja vya miaka mingi. Sikio alitundika mitutu, akagonga. Akainamisha kichwa. Akagonga tena, na uso ukamshuka.

"Imekufa," alisema. "Lehemu imeachia. Hiki sasa ni chuma chakavu, mama. Pole sana."

Mjane alianza kulikunja lile shuka taratibu, kama mtu anayetafuta kitu cha kufanya na mikono yake. Duka lilikuwa linamponyoka mbele ya macho yetu.

"Baba, inalia," alisema binti yake Sikio, aliyekuwa akipiga tupa pale pembeni.

"Unanifundisha kazi?"

"Inalia, baba. Hata sasa bado inalia."

"Wewe maji yamekuingia masikioni."

"Yangu au yako? Jana nimekuita uje ule, ukanijibu mlango umeshaufunga."

Mjane alicheka, kisha akajiziba mdomo. Sikio akanigeukia. "Bwana Vitabu, wewe umesikia nini?"

"Kengele," nikamjibu.

Alikaa kwenye benchi la wateja. Nilidhani atanuna, rika letu tunajua kununa, ndiyo kazi pekee ambayo hatujanyang'anywa. Lakini aliinuka, akaweka ncha za vidole juu ya mitutu, akamwambia binti, "Gonga." Binti akagonga. Mzee akafumba macho, na tabasamu likaanza kumjia polepole.

"Inatetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi," alisema. Kisha akamgeukia mjane. "Mama, bei atakutajia fundi."

Mjane aliangaza huku na huku akimtafuta fundi mwingine. Sikio akaelekeza kidevu kwa binti.

Binti alichungulia ndani ya mitutu, akapapasa nakshi, akajaribu bawaba, kisha akataja bei. Mjane aliomba airudie. Mchana mnunuzi alifika, akaisikia bei, akakunja uso.

"Tangu lini bei inatajwa na mtoto wa kike?"

"Tangu asubuhi," alisema Sikio.

Mnunuzi alilipa. Mjane alipata chumba chake chenye dirisha la kuelekea barabarani, na suruali niliyovaa ninapoandika haya ameishona yeye.

Mara ya mwisho kuwaona ni siku niliyofunga kibanda changu, maana siku hizi hata wajinga hawanunui vitabu. Binti alikuwa amewasha pikipiki, na mzee yuko nyuma, amekumbatia mkoba wa vifaa. Niliwapungia mkono, nikauliza wanakwenda wapi. Sidhani mzee alinisikia, lakini alijibu kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima:

"Tumeitwa! Mji wa pili! Wametuita!"