Punda Aliyeogopa Ziwa

Juzi, pale mtaani Mabatini, mama mmoja alifunua sufuria ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, na harufu yake ikanirudisha utotoni, kwa bibi, kando ya ziwa.

Punda wa bibi aliogopa mawimbi. Akisikia ziwa linapiga mawe, miguu inagoma, na bibi anabeba maji ya nyumba nzima kichwani. Lakini hakumpiga. Kila asubuhi alinifungia vipande vitano vya michembe nikamlishe, kila siku hatua moja karibu zaidi na maji.

“Usimharakishe, mjukuu wangu,” alisema. “Na usimnyooshee mkono mtupu.”

Wiki zikapita. Punda akafika mchanga uliolowa, pua yake laini ikinipumulia kiganjani.

Siku ya kuingia majini, michembe yote niliila mwenyewe njiani. Nikasimama ziwani, maji magotini, nikakunja ngumi kana kwamba nimeshika kitu, nikamwita. Akaja. Wimbi lilimpiga miguuni, akatetemeka mwili mzima, lakini akaja. Alininusa ngumi mpaka nikaona aibu, nikaifungua. Akanusa kiganja kitupu, akageuka, akapanda mlima mbio.

Kesho yake aligoma hata kutoka zizini.

“Mawimbi yamemshinda,” bibi alisema, akiinama kujitwika ndoo.

“Ndiyo, bibi.”

Akaitua tena ile ndoo, akafungua pindo la khanga, akanijaza michembe mikono yote miwili.

“Kula wewe. Umejitahidi sana.”

Nikala yote.